Kiwiko cha Mchanzo

Mimi kazi yangu ni vichwa. Si vichwa vya watu, ingawa kuna siku natamani ningepewa hivyo nivigonganishe, bali vichwa vya makala: yale maneno meusi manene yanayokaa juu ya kila makala kwenye ensaiklopidia yetu ya juzuu kumi na nne. Ensaiklopidia hii imekuwa "ikikaribia kutoka" tangu sijaolewa. Nimeolewa, nimeachika, na yenyewe bado inakaribia.

Ofisi yangu iko ghorofa ya pili, chumba cha mwisho, pale korido inapoishia na choo kinapoanzia. Nina meza, feni yenye kelele, na makabati matatu ya droo zilizojaa kadi. Kila kadi ni kichwa kimoja. Mwandishi akileta makala, mwili wake unapelekwa kwa wahariri wasomi, kichwa kinaletwa kwangu, nakikagua, nakigonga muhuri. Watu huniuliza kama hiyo kweli ni kazi ya kumtosha mtu mzima kutwa nzima. Jamani, iliwatosha watu wazima saba kwa miaka tisa.

Hao saba ni Kamati ya Majina ya Watu. Wanaosema ni wawili tu, waliobaki huja kwa ajili ya chai. Wa kwanza tunamwita Profesa Umoja na wa pili Profesa Wingi, na wote wawili wanaamini hatujawapa majina. Kila mwezi walikaa kubishana jambo moja: makala inayoeleza kabila au jamii ya watu, kichwa chake kiandikwe mtu mmoja au watu wengi?

"Tuna makala ya 'Mlima', hatuna ya 'Milima'," alikuwa akisema Profesa Umoja, kidole juu. "Tuna 'Mdudu', hatuna 'Wadudu'. Binadamu ana nini cha kupendelewa?"

"Mdudu hatakuandikia barua ya malalamiko," alijibu Profesa Wingi.

Basi hapo ndipo walipoanzia na hapo ndipo walipoishia, miaka tisa. Mtoto aliyezaliwa siku ya kikao cha kwanza alishaanza kujumlisha na kutoa, wenyewe bado wako kwenye mdudu. Mimi nilikaa pembeni nikiandika muhtasari, na ule muhtasari, niseme ukweli, kuna miezi nilinakili wa mwezi uliopita nikabadilisha tarehe tu. Hakuna aliyegundua.

Siku ambayo chupa ya chai ilipasuka, Mwenyekiti wa Kamati, mmoja wa wale wa chai, akataka kurudi nyumbani mapema, akatoa suluhisho. "Tuhesabu," akasema. "Jamii iliyobaki na watu wawili au zaidi, kichwa kiwe cha wingi. Iliyobaki na mmoja, umoja. Isiyobaki na mtu, tutaitafutia mahali." Mimi nikacheka, nikidhani anatania. Nikajikuta nacheka peke yangu. Wote wakapiga makofi, mpaka wale wa chai.

Wakaongeza na masharti, maana bila masharti ingekuwa akili ya kawaida. Anayehesabiwa lazima awe anazungumza lugha ya jamii hiyo. Pia lazima awe ametambuliwa, kwa maandishi, na mwenzake ambaye ameshatambuliwa. Wakachapisha Fomu ya Utambuzi, kurasa mbili, na nafasi ya sahihi. Kwa jamii kubwa fomu haikuhitajika, kwa sababu huwezi kuwapanga foleni mamilioni ya watu watambuane. Nilipopitia kadi zangu zote mia nne na kumi na sita za makabila, iliyoguswa na sheria hiyo ilikuwa moja tu. Yetu.

Wachanzo walikuwa watu wachache tangu zamani, wakaazi wa kule mto unakoanzia. Bwawa lilipojengwa wakahamishwa, wakatawanyika mijini, wakaoa, wakaolewa, wakaanza kuongea kama majirani zao. Juzijuzi watafiti walipowatafuta wenye lugha yao, walimpata mzee mmoja fundi saa, hoi kitandani, pamoja na mama yangu mkubwa na mama yangu. Mzee, aliyekubaliwa bila fomu kwa kuwa wa kwanza, akaweka dole gumba kwenye fomu kumtambua mama mkubwa. Wiki iliyofuata, kabla hawajamletea fomu ya pili, akafariki. Fomu hiyo ya pili ilikuwa ya mama yangu.

Ikawa hivi: wa kumtambua mama yangu alibaki mtu mmoja tu duniani, dada yake, na dada yake hajamsemesha kwa miaka ishirini na sita.

Niwaeleze, maana bila hili hamtaelewa kitu. Mama yangu hakuzaliwa na bibi. Mama yake mzazi alikuwa jirani, akafariki mtoto akiwa na mwaka mmoja, bibi akamchukua akamlea na binti yake, kitanda kimoja, sahani moja, lugha moja. Walikua hivyo, na aliyekuwa hajui hangeweza kuotea. Bibi alipofariki, pale makaburini palitakiwa mtu aseme maneno ya kumuaga kwa Kichanzo. Mama akasogea. Mama mkubwa akamshika bega mbele ya watu arobaini, akamrudisha nyuma. "Maneno haya yanasemwa na mtoto wake," akasema. Mama akageuka, akaondoka na viatu vyake vilivyojaa udongo, na kuanzia siku ile wanaishi mitaa mitatu tu mbali, wanazungumza kupitia kwangu. Mimi ndiye posta. Mwambie mama yako hivi, mwambie mama yako mkubwa vile, miaka ishirini na sita bila likizo.

Juzuu letu lilikuwa liende kwa mchapaji Ijumaa saa kumi. Jumatatu nikapiga moyo konde, nikaichukua fomu, nikaenda kwa mama mkubwa.

Mama mkubwa alikuwa mkuu wa bweni la wasichana, na amestaafu kazi lakini kazi haijamstaafu. Kwake viatu vinaachwa nje vikitazama ukutani. Viti vina vitambaa, vitambaa vina vitambaa. Nikaingia kwa adabu zote.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba. Umechelewa." Hatukuwa na miadi. "Hebu niambie, ile picha yangu watatumia ipi? Nisije nikawekwa ile niliyofumba jicho."

Nikamweleza fomu. Akavaa miwani, akasoma kwa sauti, neno kwa neno. "'Namtambua aliyetajwa hapo juu kuwa mwenzangu.' Mwenzangu! Mimi nina mwenzangu? Nimebaki peke yangu, Mungu ananiona."

"Mama yupo, mama mkubwa. Mtaa wa tatu."

"Mama yako ni fundi cherehani mzuri. Mwambie yale mapazia aliyomshonea jirani yangu yametulia." Hivyo ndivyo anavyomsifia, kwa mapazia ya watu wengine. "Ila mama yako aliokotwa."

"Hakuokotwa. Alichukuliwa."

"Tofauti yake ni nini? Vyote ni kuinama."

Lo! Nikameza mate nikahesabu mpaka tano. Nikamwambia bila hiyo sahihi kichwa cha makala kitakuwa cha mtu mmoja, yaani "Mchanzo", kana kwamba kabila zima ni yeye. Nilidhani atashtuka. Akajiweka vizuri kwenye kiti, akanyoosha kola.

"Mchanzo," akasema taratibu, akilionja. "Haliko vibaya."

Hapo nikakosea. Nikamwambia mama anaijua lugha kumshinda yeye. Alinitazama kama nimemwaga mafuta ya taa kwenye zulia lake. Akanirudishia fomu kwa ncha za vidole, akanionyesha viatu vyangu vilipo, kana kwamba ningesahau ukuta wa kutazama.

Mama nilimkuta kazini. Chumba chake cha mbele ndicho duka: cherehani dirishani, nguo za watu zimening'inia ukutani, kigoda cha wateja mlangoni. Kichanzo hajakizungumza na mtu tangu siku ya makaburi, kwa sababu hana mtu. Sisi tukilelewa, nyumbani ilikuwa Kiswahili kwa sababu baba hakuwa Mchanzo, na baba alipofariki ikaendelea kuwa Kiswahili. Wakati mwingine namsikia jikoni anasema na sufuria. Huwa napita zangu.

Nilifikiri kumficha, lakini mama humfichi kitu, anasoma uso kama anavyosoma vipimo. Nikamwambia.

"Umoja?" akauliza.

"Ndiyo."

"Yaani yeye ndiye watu."

Mama akaitoa pini mdomoni, akaichomeka kwenye mto wake mdogo, akaangalia dirishani.

"Pale makaburini alilisema mbele ya watu arobaini," akasema. "Nikajifariji kwamba watu arobaini watasahau, na wengi wamesahau, wengine wamekufa. Sasa litaandikwa. Watoto wa shule watalisoma, wajibu maswali ya mtihani. Mimi sikuwahi kuwepo."

Sauti yake haikupanda hata kidogo. Angepiga kelele ningejua la kufanya. Jioni hakula, na siku ya pili nikaona kitu ambacho sijawahi kukiona maisha yangu yote: alimshonea mteja koti, mkono wa kushoto akauweka kulia. Moyo ukaniuma nikatamani kuichoma ofisi nzima, na kadi zake, na feni yake.

Sikuichoma. Nilikwenda kwa Mwenyekiti, maana mimi ni mtu wa taratibu.

"Mwenyekiti, naomba tuandike wingi tu. Mtu wa pili yupo. Namjua. Amenizaa."

"Ana fomu?"

"Hana sahihi."

"Basi hayupo," akasema, kwa upole kabisa, kama mtu anayekupa pole. "Dada yangu, sheria ni sheria."

"Miaka tisa mlikuwa mnabishana wadudu, leo ndiyo imekuwa sheria?"

"Ndiyo maana ni sheria. Tumeihangaikia."

Profesa Umoja alikuwa pale pembeni na kikombe chake. Katika vichwa vyote mia nne na kumi na sita, sheria ya kuhesabu ilimwachia kimoja tu cha umoja, hiki chetu, na alikuwa akikitazama kama mtu anayetazama mjukuu wake wa kwanza. "Ni kichwa kizuri," akaniambia. "Kifupi. Safi." Nikamwambia chai yake ina nzi. Haikuwa na nzi, ila niliridhika kumwona akikodolea macho kikombe.

Kwa mujibu wa taratibu, anayeelezwa na makala lazima aisome kabla haijachapwa. Kwa kawaida jamii huchagua mwakilishi. Hapa hakukuwa na uchaguzi wa kufanya. Jumatano nikampelekea mama mkubwa makala yake, karatasi sita, na nikakaa kwenye kiti cha vitambaa kusubiri.

Niseme makala ile ilikuwa kioja. Mwandishi alikuwa amefuata kichwa kama kondoo. Mama mkubwa alisoma kwa sauti ya bweni.

"'Mchanzo huishi mjini, katika nyumba ya vyumba vitatu.' Kweli. 'Mchanzo ni mwanamke, mstaafu.' Kweli. 'Mchanzo hupenda usafi na hulala saa tatu.' Hapo wamenipata! 'Mchanzo hana tabia ya kuhamahama.'" Akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Huyu kijana amesoma."

Akafika ukurasa wa nne, orodha ya maneno. Mtafiti alikuwa amemrekodi maneno mia mbili ya kawaida: maji, moto, mvua, jicho, goti. Kidole chake kikawa kinashuka, kinashuka, halafu kikasimama. Namba themanini na saba. Kiwiko. Na mbele yake, kwa herufi za mlalo: neno limepotea.

"Nani kalipoteza?" akauliza.

"Mtafiti ameandika alikuuliza mara tatu, mama mkubwa, na mara zote ulisema utalikumbuka."

"Nilikuwa na mafua."

"Sasa hivi huna mafua."

Akafumba macho. Midomo ikacheza. Akakikunja kiwiko chake, akakikunjua, akakishika kwa mkono wa pili, akakibonyeza kana kwamba neno limejificha humo ndani. Huyu ni mtu aliyetumia miaka thelathini kuwaambia wasichana waondoe viwiko mezani. Dakika zikapita. Nilimwona anatoka jasho chini ya pua, na sikumwonea huruma, nisiwadanganye. Nilikuwa nafurahi.

"Waambie waifute hiyo namba," akasema mwishowe.

"Hawafuti. Orodha ni ya mia mbili."

"Basi waambie Mchanzo hana kiwiko!"

"Kuna picha yako, mama mkubwa. Mikono yote inaonekana."

Akanifukuza. Safari hii hakunionyesha hata viatu.

Alhamisi mchana nilikuwa kwa mama, nimeomba ruhusa ofisini kwa kisingizio cha kichwa kuniuma, ambacho kwa kazi yangu ni maradhi ya kazini. Mama alikuwa anaushona upya mkono wa lile koti. Tukasikia hodi, na sauti ile haikuwa ya mteja. Mama mkubwa alisimama mlangoni, gauni la sherehe, mkoba kwapani, karatasi zangu sita amezikunja kama fimbo. Miaka ishirini na sita hakuwahi kukanyaga pale.

Mama hakusimama. Mguu ukaendelea kukanyaga cherehani.

"Mwambie mama yako," mama mkubwa akaniambia, akitazama ukuta, "nina swali moja tu."

"Mama, mama mkubwa ana swali moja tu."

"Mwambie aulize."

"Muulize, kwa Kichanzo, kiwiko kinaitwaje."

Cherehani ikasimama. Mama akageuka polepole, akamtazama dada yake kuanzia viatu mpaka kilemba, kisha akanitazama mimi.

"Mwambie mama yako mkubwa," akasema, na kila neno alilipima, "hiyo ni lugha ya wenyewe. Mimi nimeokotwa. Ningelijulia wapi?"

Nikafungua mdomo nipeleke ujumbe. Sikuwahi.

"We! Usinifanyie hivyo!" Mama mkubwa alipasuka, moja kwa moja, usoni kwake, bila posta. "Unalijua! Tangu jana sijalala! Nimekaa na kiwiko changu kama mwehu! Wewe ndiye uliyekuwa ukinigonga nacho kitandani kila usiku, utalisahauje?"

"Maneno hayo yanasemwa na mtoto wake," mama akajibu. "Si ndivyo? Na mtoto wake ni mmoja. Basi na alikumbuke."

Weee. Hata mtoto wa jirani aliyekuwa akilia akaacha. Mama mkubwa alitafuta pa kushika, akakiona kigoda cha wateja, akakaa. Sijapata kumwona amekaa chini ya mtu. Akafungua mdomo tena, na kilichotoka hakikuwa Kiswahili.

Alisema kidogo, kwa kukwama, kama mtu anayetembea gizani anapapasa. Akasema tena. Mama akatupa neno moja, kali. Mama mkubwa akatupa mawili. Basi ikafunguka. Yakamwagika pande zote, wakawa wanagombana kwa Kichanzo, sauti juu, mikono hewani, kidole huyu, kidole yule. Mteja aliyekuja kuchukua suruali yake alichungulia, akaamua ataivaa wiki ijayo. Mimi nilikaa kwenye rundo la vitambaa, nageuza shingo huku na huku. Nililisikia jina la bibi mara nne. Zaidi ya hapo, naapa, sikuambulia kitu.

Muda mrefu ulipita hivyo. Halafu sauti zikashuka, na mama akainuka, akamfuata dada yake pale kigodani, akamshika mkono, akaukunja, akakigusa kiwiko kwa kidole cha kati. Akalisema neno. Mama mkubwa akalirudia. Akalirudia tena, halafu akalia, mdomo wazi, bila kujifunika, mtu mzima na kilemba chake. Mama akabaki amemshika mkono. Naye machozi yalikuwa yanamtoka, lakini yeye alikuwa anacheka.

"Lete hiyo fomu yako," mama mkubwa akaniambia, akijifuta pua kwa leso. "Na kalamu inayoandika, si zile zenu za ofisini."

Nikaitoa fomu kwenye mkoba. Akajaza jina la mama. Penye "Uhusiano" akaandika mdogo wangu, akaangalia, akaongeza wa damu, akapiga mstari chini yake mara mbili. Mimi sikumsahihisha. Akaweka sahihi kubwa ya ukuu wa bweni, akanisukumia karatasi.

Jamani, furaha niliyokuwa nayo! Nilijiona nimewashinda maprofesa wote, na Mwenyekiti wao, na wadudu wao. Kesho saa tatu asubuhi ningekigonga muhuri mwenyewe: Wachanzo. Kilichobaki kilikuwa kisanduku kimoja chini kabisa, kinachojazwa na ofisa, yaani mimi, kwa maelekezo ya wahusika. Idadi ya wahusika waliopo.

"Tuko wangapi?" nikauliza, kwa kuchangamka tu, kwa sababu kalamu ilishagusa karatasi na jibu nilikuwa nalo. Watatu. Nilishaanza kuizungusha ile w.

"Wawili," mama mkubwa akasema.

"Na mimi?"

Wakatazamana. Mama mkubwa akasema sentensi moja fupi kwa Kichanzo, akiniangalia machoni, kisha akangoja. Mama naye akaniangalia. Nilitabasamu, kwa sababu ndivyo mtu anavyofanya akisemeshwa na hakuelewa.

"Ameniuliza nini?" nikamuuliza mama.

Mama hakunitafsiria. Sheria niliijua kwa moyo, kwanza awe anazungumza lugha. Nilikuwa nimeisoma mara mia kwa ajili yake, na hata mara moja sikuwahi kuisoma kwa ajili yangu. Nilihisi uso unanichoma mpaka masikioni.

"Mama?"

"Miaka yote hii," mama akasema, taratibu, wala hakuwa na hasira, "hukuwahi kuniuliza hata neno moja, mwanangu."

Nilitaka kumwambia na yeye hakuwahi kunifundisha, na hilo nalo lilikuwa kweli, lakini kisanduku kilikuwa kinasubiri namba na si maelezo. Nikaandika wawili. Mama mkubwa akavaa miwani, akainama kuhakikisha nimeandika sawasawa. Kisha wakageukiana, wakaendelea kuongea.